Maji Yanayokula Majagi

Wewe unayeishi kwenye maji laini, usinisomee. Nenda kaoge. Povu linakusubiri. Haya ninayoandika leo ni ya sisi wengine, sisi tunaopigana na bomba asubuhi na jioni na bomba linashinda.

Mimi naishi Dodoma. Sikuomba, nilihamishwa. Unajua hadithi yenyewe. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huku, na tangu hapo watu wakawa wanahama kesho. Baba yangu kastaafu akiambiwa tunahama kesho. Mimi nikaajiriwa masjala, nikaambiwa tunahama kesho. Nikazoea. Nikajenga banda la kuku Mbagala. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza tunahama, na safari hiyo watu wakahama kweli! Makabati ya mafaili yakapanda lori. Mimi nikapanda baada ya mafaili, maana mafaili ndiyo yalikuwa na bima. Kuku nikamwachia shemeji. Habari za kuku siulizi tena.

Kabla ya kuja nilitishwa sana. Nikatishwa vumbi. Nikatishwa upepo. Nikatishwa baridi ya Juni, nikanunua sweta mbili mtumbani. Hakuna hata mmoja aliyenitisha maji. Maji, bwana! Nani anamtisha mtu mzima kwa maji?

Niyasifu kwanza, nisije nikaonekana mchochezi. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Yanang'aa. Tope hayana. Ukiyaweka kwenye glasi ukayainua juu, unamwona mwenye nyumba anavyokuja kudai kodi, mpaka makunyanzi ya paji la uso unayahesabu. Kaladha fulani kapo, siku za mwanzo unakunja uso, baadaye ulimi unasalimu amri. Kunywa, yanakunyweka. Balaa linaanza pale unapotaka kuyafanyia kitu kingine.

Chukua sabuni. Nilipofika nilijipaka sabuni ya mche, nikasugua kifua. Povu hakuna. Nikasugua kwapa. Povu hakuna. Nikajua nimeuziwa feki. Nikatoka na taulo kiunoni na kipande cha sabuni mkononi mpaka dukani kwa Mangi, nikakigonga kaunta, nikadai hela yangu. Mangi akakitazama kile kipande. Akanitazama mimi. Akauliza, "Kaka, wewe wa Dar?" Nikasema ndiyo. Basi. Hakusema neno lingine. Akaniuzia mche wa pili, na mimi nikaununua, nikarudi bafuni kujaribu tena. Watu waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi mpaka leo wakiniona wananiuliza, "Vipi, limetoka?"

Halitoki. Kinachotoka ni utando wa kijivu unaoelea juu ya beseni. Unajisuuza, unajisuuza, unatoka bafuni unanata. Ngozi inapauka mpaka mtu akitaka kukupa namba yake ya simu anaiandika mkononi mwako kwa ukucha. Na taulo likikauka kambani, ulikunje kwanza kwa goti ndipo ujifute.

Mama watoto naye ana kesi yake, na kesi yake ni maharage. Dar alikuwa anayabandika, anakwenda sokoni, anarudi, yameiva. Huku anayabandika, anakwenda sokoni, anarudi, anafua, anasuka nywele za mtoto, anafunua sufuria, maharage yanamtazama. Magumu. Mtungi wa gesi unaisha kabla ya mwezi. Kwanza tukamshuku mwenye duka kwamba katuuzia ya zamani. Kumbe haya maji yenyewe yanakaza ganda la maharage lisilainike. Wenyeji wanatupia magadi kidogo, yanaiva, wanakula, wanalala. Sisi tulikuwa tunakula saa 5 usiku, tunatafuna kwa sauti. Mpangaji wa chumba cha pili aligonga ukuta akauliza tunavunja nini.

Hayo yote niliyavumilia. Povu si ndugu yangu. Kilichonivunja moyo ni jagi la umeme.

Nilikuwa na jagi zuri, la kung'aa, lina taa ya buluu. Lilikuwa linachemsha maji kabla sijapata hata mfuko wa majani. Likaanza kuchelewa. Nikasema umeme mdogo. Likaanza kunguruma. Nikasema uzee. Likaanza kutema vitu vyeupe kwenye kikombe. Nikasema sukari haijayeyuka, nikakoroga. Nikakoroga sana. Siku moja likalia "taa!" na taa ya buluu ikazima, na chumba kikanuka waya.

Nikalipeleka kwa fundi. Ana kibanda chake jirani na kituo cha daladala, kimejaa redio zilizofariki na pangaboi zisizo na panga. Hakunikaribisha. Alilichukua jagi, akalitikisa sikioni. Likalia chakacha. Akatandika gazeti, akaligeuza. Vikaanguka vigamba vyeupe, vingine vyembamba vinapepea, vingine vina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Akachukua bisibisi, akachokonoa chini, kikang'oka kipande kinene. Akakiinua kwenye jua ili nikione ubavu wake. Kina matabaka. Jeupe, halafu lenye ukahawia kidogo, halafu jeupe tena, mengine membamba huwezi kuyatenganisha. "Hili la juu chai ya wiki hii," akasema, akishusha ncha ya bisibisi pole pole. "Hili la chini ulipokuwa bado una adabu na jagi."

Akanipa nikishike. Sijui kwa nini nilikilamba. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilitegemea chumvi, si kila mtu anasema maji ya huku yana chumvi? Hakina chumvi hata chembe. Kina ladha ya ukuta. Fundi akaacha bisibisi, akawaita wenzake wa kibanda cha simu, akawaambia njooni mmwone mtu mzima analamba jagi. Wakaja. Mmoja alikuja na mteja wake.

"Sasa sikiliza, mzee," fundi akasema baada ya kucheka mpaka akakaa. "Waya wa moto uko chini ya hili bati. Bati linatakiwa liguse maji. Wewe umeweka ukoko katikati. Joto linataka kupita, halipiti. Maji hayachemki, waya ndio unachemka. Mwisho unakatika." Nikamuuliza linatengenezeka? Akaniambia linatengenezeka kuwa chombo cha kupandia maua.

Nyumbani nikatoa hotuba kuhusu vitu vya siku hizi kutodumu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anasoma kemia, na hana huruma. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Baba, hiyo ni kalsiamu." Nikasema kalsiamu iko kwenye maziwa. Akasema iko na kwenye miamba pia, yeye na mwenzake magnesiamu. Mvua ikinyesha inabeba hewa ukaa, ikipita kwenye udongo inabeba nyingine, inageuka tindikali dhaifu. Dhaifu hivyo hivyo, inazama chini kwenye mwamba, inakaa huko, inayeyusha, inabeba. Huoni kitu. Maji yanang'aa. Ukiyapasha moto, hewa ukaa inatoka, na kalsiamu iliyokuwa imebebwa inabaki haina usafiri. Inashuka palepale, penye moto kuliko pote, inagandia. Inaitwa kalsiamu kaboneti. Ganda la yai ni hiyohiyo.

Nikasema mbona sufuria hazina? Akasema, "Zinayo, ila mama anazisugua kwa stilwaya kila siku. Jagi wewe unalisugua lini?" Nikamwambia asilete dharau.

Akaendelea, alikuwa amepata msikilizaji. Vitabu vinapima, akasema. Maji yenye chini ya miligramu 60 za hayo madini kwa lita yanahesabiwa laini. Yakipita 180, magumu sana. Nikauliza ya kwetu mangapi. Akaniangalia mimi, akaliangalia jagi, akafunga daftari. Akaongeza akiwa mlangoni kwamba shaba inapitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko ule ukoko, kwa hiyo nilikuwa nalipia luku kupasha chokaa moto kwanza, halafu chokaa ikijisikia ndiyo ipashe maji. Usingizi haukuja usiku ule. Nilikuwa napiga hesabu ya yuniti.

Ungefikiri mtu akipata elimu yote hiyo anatulia. Mimi nikapata nyongeza ya mshahara, nikanunua hita ya bafuni. Ile ya kufunga juu kwenye bomba la mvua, unafungua maji, yanakuja ya moto hapohapo. Asubuhi za Julai huku, ukimwagiwa maji ya baridi unakumbuka madeni yote. Basi nikafunga. Nikaoga kiheshima. Nikaimba.

Tundu moja likaziba. Haukuwa msiba. Likaziba la pili. Ukoko uleule, umefanya kiduara cheupe kuzunguka kila tundu mpaka ukakutana katikati. Yakabaki matundu machache, na maji yakachanganyikiwa njia. Moja likawa linarusha pembeni, linapiga ukuta. Moja linaruka juu ya pazia, linalowesha nguo nilizotundika za kuvaa. Moja limelenga jicho la kushoto, ukisogea linakufuata. Mimi nikawa naoga nimeinama, jicho moja nimefumba, mkono mmoja umeshika suruali juu, na bado bega la kulia liko kavu. Nikawa nazibua kwa pini. Nazibua leo, keshokutwa limefunga.

Halafu ikafika siku ya mechi ya watani. Nyumba nzima ya wapangaji iko kwenye televisheni, na watoto wa jirani wamejaa dirishani. Mimi nikasema nioge haraka nije nitazame kipindi cha pili. Nikawasha hita. Ikalia. Breka ya nyumba nzima ikaruka. Giza. Nikasikia yowe moja refu kutoka vyumba vyote kwa pamoja, na sauti ya mwenye nyumba mwenyewe ikisema, "Ni yule baba wa chumba cha mwisho, anaoga!" Umeme uliporudi goli lilikuwa limeshaingia. Mpaka leo nikipita na ndoo kuelekea bafuni watu wanauliza kama kuna mechi.

Fundi alifungua ile hita, akanionesha koili. Imevaa chokaa kila duara. Hakucheka safari hii. Aliniuliza tu kwa upole, "Na hii hujailamba?"

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini ofisini wenzangu walikuwa wanakopa, na mimi nikakopa. Mashine ya kufulia. Ililetwa na kirikuu, mtaa mzima ukatoka. Watoto wakagombania boksi. Nikasimama pale mlangoni naelekeza, "Taratibu hapo, taratibu," na hakuna aliyekuwa anaharakisha. Nikaweka mashati yangu meupe ya kazini. Nikabonyeza maji ya moto, nyuzi 90, maana nilikuwa nimelipia nyuzi zote na nilitaka kuziona zikifanya kazi. Povu likagoma, nikaongeza sabuni. Likagoma, nikaongeza nyingine. Mashati yakatoka ya kijivu. Sabuni na kalsiamu walikuwa wamekutana huko ndani, wakashikana, wakakaa kwenye uzi wa shati, hawatoki. Nikayafua tena. Yakakolea.

Nikayavaa hivyohivyo, ningevaa nini? Bosi alinipita mara mbili kwenye korido kule Mtumba bila kusema. Siku ya tatu akaniita ofisini, akafunga mlango, akanipa pole, akaniuliza kama arobaini imeshapita.

Binti yangu akatoa ripoti yake: maji yakizidi moto, ukoko unazidi kushuka, ungefulia ya baridi. Hilo alilisema mashine ikiwa imeshakaa kimya. Hita yake ya ndani ilikuwa imekwenda ilikokwenda ya bafuni. Sasa tumeitandika kitambaa, tumeweka televisheni juu, inapendeza. Mkopo unakatwa kila mwezi, televisheni haijui kama imekalia mshahara wangu.

Pasi ya mvuke niiseme harakaharaka kwa sababu bado inauma. Harusi ya mtoto wa mkuu wa idara. Suti nyeusi, ya pekee niliyonayo. Nikajaza maji ya bomba kwenye pasi, nikabonyeza kitufe cha mvuke mgongoni mwa koti. Ikakohoa. Ikatema uji mweupe, kipande kwa kipande, kuanzia kola mpaka kiunoni. Nikafuta kwa kitambaa kibichi, ukasambaa. Nikakumbuka picha zote zinapigwa kwa mbele. Hazikupigwa kwa mbele. Kuna video, kamera ilikaa nyuma ya meza yetu muda wote wa chakula, na mkuu wa idara anaipenda sana hiyo video.

Katika hali hiyo ndipo akaja mama mkwe.

Mama mkwe ni mtu wa Tanga. Anakunywa maji ya Mto Zigi tangu azaliwe na chai kwake ni jambo la heshima. Nilimsalimia, shikamoo mama, marahaba baba, nikamwekea chai ya rangi yenye tangawizi kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye kikombe cha wageni, maji kutoka jagi jipya. Nilitaka aone kwamba binti yake hakukosea. Ile chai ikatulia. Juu yake ukatanda utando, unang'aa kidogo, una rangi ya mafuta. Mama mkwe akauvuta kwa kijiko. Ukakatika vipande. Chini ya utando kikapita kigamba cheupe, pole pole, kikazunguka, kikashuka.

Akaweka kijiko. "Baba," akaniambia, sauti laini kabisa, ile ya watu wa pwani wanapokusudia kukumaliza. "Chai yako ina mba."

Akasimama mwenyewe mpaka jikoni. Akafunua jagi, akachungulia. Mimi nyuma yake naeleza kuhusu serikali kuhamia Dodoma. Hakunisikiliza. Akasema kwao Tanga yako Mapango ya Amboni, mawe ya chokaa matupu. Maji yanadondoka huko ndani tone moja moja, kila tone linaacha chokaa yake, miaka kwa miaka, mpaka mawe yananing'inia kutoka juu na mengine yanaota kutoka chini. Watalii wanalipa kiingilio kuyaona. "Wewe umeyafuga kwenye jagi," akasema, "na hutozi mtu."

Akamtuma mtoto dukani. Chupa moja ya siki. Ile ya kuwekea kachumbari, bei yake inazidi kidogo nauli ya daladala. Akamimina siki nusu, maji nusu, yakafunika ukoko. Tukainama kutazama. Mwanzo kimya. Halafu vikaanza vipovu vidogo pembeni, vikaongezeka, ukoko wote ukachemka bila moto, unatoa sauti ya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Kipande kikabanduka. Kingine. Bati likaanza kuonekana chini, linang'aa, sikuwa nimeliona tangu dukani. Binti akasema hiyo inayotoka ni hewa ukaa, ileile iliyoibeba chokaa toka kwenye mwamba. Nikasema najua. Wote watatu wakageuka kunitazama, bibi, mama na mjukuu.

Nikataka na mimi nichangie kitu, kwa cheo cha mwenye nyumba. Nikachukua jiki nitie kidogo, mambo yaende haraka. Binti akanipokonya chupa kabla sijaifungua. Jiki na siki zikikutana zinatoa gesi ya klorini, hiyo haichagui mama mkwe wala mkwe, inachoma mapafu ya wote. Mama mkwe hakusema neno. Alihama tu kiti, akakaa karibu na mlango. Siku zote zilizobaki alikaa karibu na mlango.

Ungedhani sasa nimepona. Wiki iliyofuata akaja ofisini kijana mmoja, tai nyekundu, laptopu, maneno mia kwa dakika. Anauza sumaku. Unaifunga kwenye bomba linaloingia nyumbani, inapanga molekyuli za maji, ugumu unaondoka, maji yanatoka laini. Shilingi 80,000. Alichora na mchoro, mishale inaingia huku inatoka kule. Sijawahi kuona mishale imechorwa vizuri vile. Nikanunua. Nikaifunga. Ukoko ukaendelea na ratiba yake. Kalsiamu hainasi kwenye sumaku, binti alinieleza, ungeuliza. Kazi pekee ambayo ile sumaku inafanya ni kushika ile pini ya kuzibulia bomba la mvua. Pini haipotei tena, hilo lazima niseme.

Nikamtafuta muuzaji wa mitambo mikubwa, ile ya kweli. Huyu alikuwa mkweli, na ukweli wake ukaniumiza zaidi. Mtambo una punje fulani ndani, zinakamata kalsiamu na magnesiamu na badala yake zinatoa sodiamu. Punje zikishashiba, unazisafisha kwa maji ya chumvi. Chumvi, hii ya jikoni, kwa magunia, mwaka hadi mwaka. Nikamwambia, kaka, nakuja kwako nimekimbia maji ya chumvi, unaniuzia chumvi? Akasema ndivyo unavyofanya kazi. Nikauliza bei. Akaitaja. Nikaomba maji ya kunywa.

Basi nikaenda kulalamika pale tunapolipia bili. Foleni ndefu. Nilipofika dirishani nikaeleza yote, jagi, hita, mashati, video. Dada akanisikiliza vizuri kabisa. Akasema maji ni salama. Nikasema najua ni salama. Akasema hata Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, na hiyo kalsiamu mwili unaihitaji. Akauliza, "Kwani baba unaumwa?" Nikasema mimi siumwi, linaloumwa ni jagi. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Anayefuata."

Na alikuwa sahihi, ndicho kinachoniudhi. Huna wa kumshtaki. Mifupa yetu mizima. Watoto wanakua. Kinachokufa ni kila kitu kinachochemsha. Bili ya maji inakuja ndogo, unaitazama unafurahi, kumbe bili yenyewe imegawanywa kimyakimya: kipande kimeingia kwenye luku, kipande kwenye mtungi wa gesi, kipande kwenye sabuni, kipande kwa fundi, na kipande kiko chini ya televisheni yangu.

Mwerevu mtaani kwetu ni mmoja tu, mzee wa Kigogo nyumba ya nne. Nilikuwa namdharau. Kila msimu wa mvua namwona anapanga mapipa chini ya bati, nasema huyu mzee hajui kama kuna bomba? Mvua ya huku yenyewe ni ya kuvizia, inaanza Desemba inakata Aprili, na kwa wastani mwaka mzima haifiki milimita 600. Yeye anaiacha ya kwanza ioshe vumbi la bati na kinyesi cha kunguru, halafu anakinga. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hayana cha kubeba. Asubuhi moja nikampita anafua kanzu. Povu, mwenzangu! Povu mpaka kwenye viwiko, linamwagika chini, kuku wanalikimbia. Nikasimama nikatazama kiasi cha kukosa adabu. "Mbukwa," akanisalimia. Nikaitikia. Akachota povu kwa kiganja, akanionesha, akauliza, "Dar lilikuwa hivi?"

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeishi Dodoma, au popote unapokunywa maji ya kisima kirefu. Chemsha maji unayotaka kunywa, yanayobaki yamwage, yasilale kwenye jagi. Kila mwezi nunua chupa ya siki, nusu siki nusu maji, yaache yafanye kazi, suuza vizuri, na jiki ikae mbali kabisa. Bomba la mvua lifungue ulilaze kwenye siki hiyohiyo usiku, kabla hujaanza kuoga umefumba jicho. Nguo fulia maji ya baridi. Pasi ipe maji ya mvua. Maharage yatie magadi kidogo. Na akija kijana wa tai nyekundu na mishale yake, mwambie asante, hatuhitaji. Kama lazima uwe na sumaku, basi nitafute mimi kwanza. Ninayo moja, haijatumika, nusu bei.